Eugène Houdry: Mpenda mbio za magari aliyetuachia masega ya ekzosi

Pita gereji yoyote hapa Mbeya siku ya Jumamosi, hukosi kukuta gari moja la zamani lenye kasi, mara nyingi Subaru Impreza ya turbo, limeinuliwa juu ya jeki. Pembeni fundi na mwenye gari wanabishana kuhusu kitu kimoja: masega. Gari limechoka mlimani, taa ya injini imewaka kwenye dashibodi, na harufu ya moshi imebadilika. Fundi anashauri masega yatobolewe, bomba libaki wazi, kazi iishe kabla ya saa sita mchana. Mwenye gari anauliza kama hakuna mengine ya kuweka. Bei ikitajwa anakuna kichwa, na hapo ndipo grainda inapowashwa.

Wasikilizaji wetu wamekuwa wakiuliza kifaa hiki hasa ni cha nini, na kama ni kweli kimewekwa ili kutunyima nguvu ya gari. Tumeona njia nzuri ya kujibu ni kuanza na mtu aliyekibuni. Jina lake ni Eugène Houdry. Pengine hujawahi kulisikia, lakini kila lita ya petroli unayonunua ina mkono wake, na kila gari la Kijapani linaloshuka bandarini Dar es Salaam limebeba wazo lake chini ya sakafu. Na kinyume na unavyoweza kudhani, hakuwa mtu wa kuchukia kasi. Aliipenda kuliko wengi wetu.

Mtoto wa mwenye kiwanda cha chuma

Houdry alizaliwa Aprili 18, 1892, Domont, mji mdogo ulio kaskazini mwa Paris nchini Ufaransa. Baba yake alikuwa tajiri mwenye kiwanda cha vyuma, na kijana alitarajiwa kurithi biashara hiyo. Alisomea uhandisi wa mitambo katika chuo cha École des Arts et Métiers. Alihitimu mwaka 1911 akiwa wa kwanza darasani, na akapewa medali ya dhahabu. Hakuwa mtu wa vitabu tu. Alicheza mpira wa miguu, na alikuwa nahodha wa timu ya chuo chake.

Baada ya masomo aliingia kiwandani kwa baba yake. Kama mambo yangekwenda kama yalivyopangwa, leo tusingekuwa tunamzungumzia. Lakini mwaka 1914 vita vikuu vya kwanza vikaanza, na Houdry akavaa sare ya jeshi.

Alianzia kwenye kikosi cha mizinga, kisha akahamishiwa kwenye vifaru, ambavyo wakati huo vilikuwa silaha mpya kabisa. Aprili 1917 Wafaransa walipeleka vifaru vyao vitani kwa mara ya kwanza, karibu na kijiji cha Juvincourt. Shambulio lile liligharimu watu wengi. Vifaru vingi viliteketea au kukwama matopeni. Houdry alijeruhiwa vibaya, akatunukiwa nishani kwa ushujaa wake.

Mapenzi ya kasi

Alirudi kutoka vitani akiwa na mapenzi makubwa ya magari, hasa ya mashindano. Alikuwa na Bugatti yake mwenyewe. Mwaka 1922 alisafiri hadi Marekani kutazama mbio maarufu za Indianapolis, na akatembelea kiwanda cha Ford huko Detroit kuona magari yanavyotengenezwa kwa maelfu.

Mtu wa kawaida angerudi na simulizi za mwendo na umbo la magari. Houdry alirudi na swali kuhusu mafuta. Alitambua kuwa injini inaweza kusanifiwa vizuri namna gani, lakini kama petroli ni duni, nguvu haipatikani. Petroli duni hulipuka ndani ya silinda kabla ya wakati wake, injini ikagonga. Mafundi wetu wanaijua sauti hiyo. Ili injini itoe nguvu zaidi ni lazima mchanganyiko wa hewa na mafuta ubanwe zaidi, na ili ubanwe zaidi bila kugonga, yanahitajika mafuta bora. Kwa Houdry, siri ya kasi ilikuwa kwenye tangi.

Kulikuwa pia na hofu ya taifa zima. Ufaransa haikuwa na visima vya mafuta vya maana, na vita vilikuwa vimewaonyesha Wafaransa kuwa nchi isiyo na petroli haiwezi kujilinda. Lakini walikuwa na makaa ya mawe ya kahawia, yale laini yaitwayo lignaiti. Houdry alijiunga na mfamasia mmoja aliyedai anaweza kugeuza makaa hayo kuwa petroli kwa msaada wa kichocheo.

Kichocheo, kwa wale waliosahau kemia ya sekondari, ni kitu kinachoharakisha mabadiliko ya kikemia bila chenyewe kuisha. Kinafanya kazi kama mshenga: anawakutanisha wawili, ndoa inafungwa, naye anaondoka kutafuta wengine.

Houdry alitumia miaka na fedha nyingi za familia katika kazi hiyo. Mwaka 1929 kiwanda cha majaribio kilifunguliwa, kikiwa na uwezo wa kutumia tani 60 za lignaiti kwa siku. Petroli ilipatikana, lakini kwa gharama kubwa mno. Serikali ya Ufaransa ikajitoa, na mradi ukafungwa.

Udongo uliogeuka mali

Kwa bahati nzuri, hakuwa ameweka mayai yote kwenye kapu moja. Wakati wa majaribio ya makaa alikuwa pia akijaribu mafuta mazito, yale yanayobaki baada ya petroli na mafuta ya taa kutolewa kwenye mafuta ghafi. Mabaki hayo yalikuwa na thamani ndogo. Wakati huo viwanda viliyavunja kwa joto kali na mgandamizo, na petroli iliyotoka haikuwa nzuri sana.

Houdry na wenzake walijaribu vichocheo kwa mamia. Mwaka 1927 walipata kinachofaa, na hakikuwa dhahabu wala kitu cha ajabu. Kilikuwa udongo wa mfinyanzi uliotayarishwa maalumu, wenye silika na alumina. Mvuke wa mafuta mazito ulipopitishwa juu yake, molekuli kubwa zilikatika na kuwa ndogo, na petroli iliyotoka ilikuwa bora kuliko ya njia ya joto pekee.

Shida ilikuwa moja. Baada ya dakika chache udongo ule ulifunikwa na masizi ya kaboni ukaacha kufanya kazi. Wengine walikuwa wamekutana na kikwazo hicho wakakata tamaa. Houdry aliamua kuyachoma masizi hayo kwa kupitisha hewa, udongo ukasafika na kurudi kazini. Akapanga matangi kadhaa yanayopokezana: moja linavunja mafuta, jingine linachomwa masizi, jingine linaandaliwa. Kila baada ya dakika kama kumi zamu inabadilika, na joto la kuchoma masizi linatumika kupasha mafuta mengine.

Litunze wazo hilo kichwani, msomaji: uso wa kichocheo, hewa, na uchafu unaochomwa ukaisha. Miaka ishirini na zaidi baadaye atalirudia, safari hiyo kwenye bomba la moshi.

Marekani

Nchini kwake hakupata mwekezaji wa kutosha. Mwaka 1930 kampuni ya Vacuum Oil ilimwalika Marekani, akahamia huko na mitambo yake. Lakini alifika wakati mbaya. Uchumi wa dunia ulikuwa umeporomoka, na fedha za utafiti zilikauka. Kilichomwokoa ni kampuni ya Sun Oil ya Philadelphia, iliyojiunga na mradi mwaka 1933.

Mwaka 1936 mtambo wa kwanza wa biashara uliwashwa Paulsboro, jimbo la New Jersey, ukisafisha mapipa 2,000 kwa siku. Mwaka uliofuata Sun Oil iliwasha mkubwa zaidi huko Marcus Hook, Pennsylvania, wa mapipa 12,000 kwa siku. Karibu nusu ya mafuta mazito yaliyoingia yalitoka yakiwa petroli ya kiwango cha juu. Watu wa sekta ya mafuta walishangaa. Mtu aliyetoka nje ya fani yao, mhandisi wa mitambo na si mkemia, alikuwa amewapita.

Kisha vita vikuu vya pili vikaja. Ndege za kivita zilihitaji petroli ya okteni 100 ili ziruke juu zaidi na kupata nguvu zaidi, na mitambo ya Houdry ilikuwa tayari inafanya kazi. Katika miaka ya mwanzo ya vita, sehemu kubwa ya malighafi ya petroli hiyo kwa Washirika ilitoka kwenye mitambo hiyo, kabla ya njia mpya zaidi kuanza kuipokea kazi mwaka 1942. Alibuni pia njia ya kupata malighafi ya mpira wa kutengeneza, wakati Japani ilipokuwa imeteka mashamba ya mpira ya Asia.

Uraia uliofutwa

Juni 1940 Ufaransa ilishindwa na Ujerumani, na serikali ya Vichy ikakubali kushirikiana na washindi. Houdry, mbali huko Pennsylvania, angeweza kunyamaza. Alikuwa na fedha, familia na kazi nzuri. Badala yake aliongoza jumuiya iliyoitwa France Forever, iliyowaunganisha Wafaransa na marafiki zao nchini Marekani kumuunga mkono Jenerali Charles de Gaulle.

Jibu la Vichy lilikuja mwaka 1941: alivuliwa uraia wa Ufaransa. Mtu aliyemwaga damu ndani ya kifaru kwa ajili ya nchi yake akaambiwa na watawala wake kwamba si mwana wa nchi hiyo tena. Mwaka 1942 alichukua uraia wa Marekani, na huko ndiko alikoishi hadi mwisho wa maisha yake.

Moshi alioshiriki kuuleta

Vita vilipokwisha Houdry alikuwa na zaidi ya miaka hamsini, anaheshimiwa, na hakuwa na sababu ya kuhangaika tena. Lakini Marekani ya wakati ule ilikuwa imejaa magari. Jiji la Los Angeles lilikuwa likiamka na ukungu wa kahawia unaochoma macho na koo, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 wanasayansi walionyesha kuwa moshi wa magari ni chanzo kikubwa. Wakati huohuo saratani ya mapafu ilikuwa ikiongezeka, na Houdry alikuwa na wasiwasi kuwa moshi huo unahusika.

Hapa ndipo maisha yake yanaponigusa zaidi. Kazi yake ndiyo iliyosaidia petroli kuwa nyingi na bora. Angeweza kusema yeye alitengeneza mafuta, mambo ya moshi wayashughulikie wengine. Hakusema hivyo. Alianzisha kampuni mpya, Oxy-Catalyst, akaanza kuutafutia moshi dawa.

Dawa ilikuwa ileile ya zamani. Injini haichomi mafuta yote. Kinachotoka kwenye ekzosi kina petroli ambayo haikuungua, na kina kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu inayoua mtu ndani ya chumba kilichofungwa. Ukiipitisha gesi hiyo ya moto juu ya kichocheo penye hewa, itamalizia kuungua palepale, na kitakachotoka ni mvuke wa maji na kaboni dioksidi. Mwaka 1956 alipata hataza ya Marekani ya kifaa chake.

Vifaa vya mwanzo viliwekwa kwenye mabomba ya moshi ya viwanda, na kwenye mashine za kunyanyulia mizigo zinazofanya kazi ndani ya maghala. Vilifanya kazi. Kilichobaki kilikuwa magari ya barabarani, na hapo aligonga mwamba.

Adui aitwaye risasi

Tangu miaka ya 1920, kampuni za mafuta zilikuwa zikichanganya madini ya risasi kwenye petroli ili kuzuia injini isigonge. Ilikuwa njia rahisi ya kutibu tatizo lilelile lililomsumbua Houdry kijana. Lakini risasi ikitoka na moshi hujipaka juu ya kichocheo, na matangi machache tu ya petroli hiyo yanatosha kukiua. Masizi unaweza kuyachoma, risasi haichomeki.

Houdry alifariki dunia Julai 18, 1962, huko Upper Darby, Pennsylvania, akiwa na umri wa miaka 70. Kifaa chake kilikuwa kimethibitishwa kinafaa, lakini hakuna gari la kawaida lililouzwa nacho. Petroli ya kukiwezesha kuishi haikuwepo sokoni.

Miaka minane baadaye, mwaka 1970, Marekani ilipitisha sheria ya hewa safi iliyodai moshi hatari wa magari upunguzwe kwa asilimia 90. Hapo viwanda vilikosa pa kukimbilia. Magari ya mwaka 1975 yalianza kutoka na vifaa hivyo, na vituo vya mafuta vikalazimika kuuza petroli isiyo na risasi. Wahandisi wa kampuni ya Engelhard walikwenda mbele zaidi wakatengeneza aina inayoshughulikia sumu tatu kwa pamoja: kaboni monoksidi, petroli isiyoungua na oksidi za nitrojeni. Hiyo ndiyo iliyo chini ya gari lako leo.

Afrika ilichelewa. Mwaka 2001 nchi za kusini mwa Sahara zilikubaliana mjini Dakar kuachana na risasi, na kufikia mwanzo wa mwaka 2006 petroli hiyo ilikuwa imeondoka kwenye vituo vyetu. Nchi ya mwisho duniani, Algeria, iliacha mwaka 2021. Kwa hiyo kifaa cha Houdry kilileta faida mbili. Kilisafisha moshi, na kwa kuwa hakivumilii risasi, kilisaidia kuing'oa risasi ambayo ilikuwa ikidhuru ubongo wa watoto.

Tukirudi gereji

Sasa tuinamie lile Subaru. Ndani ya lile kopo la chuma kuna kauri yenye vitundu vidogo vingi kama sega la nyuki, ndiyo maana likapata jina hilo. Kauri imepakwa madini ghali sana: platinamu, paladiamu na rodiamu. Ndiyo maana masega huibwa, na ndiyo maana kuna watu wanaokuwa wepesi kukushauri uyatoe kisha wakaomba wabaki nayo.

Masega mazima hayakunyimi nguvu kiasi cha kusikitisha. Yanayonyima ni yaliyoziba au kuyeyuka. Na hayazibi yenyewe. Mara nyingi kuna plagi inayokosa moto na kupeleka petroli mbichi kwenye ekzosi, au injini inakula oili, au turbo inavujisha. Ukiweka masega mapya bila kutibu ugonjwa huo, yatakufa kama ya kwanza. Kwa hiyo swali la kwanza kwa fundi wako liwe ni kipi kilichoyaua.

La pili, kuna njia katikati ya bomba tupu na kifaa cha bei ya kiwandani. Yapo masega ya karatasi za chuma yenye vitundu vikubwa zaidi, yanayopitisha moshi kwa wepesi, yaliyotengenezwa kwa ajili ya magari yenye turbo. Yanasafisha pungufu kidogo kuliko ya kauri yenye vitundu vidogo, lakini yanasafisha. Uliza ukubwa wa injini yanayoimudu, na epuka ya bei ya kutupa, kwa kuwa mengine yamepakwa madini kidogo mno.

La tatu, baadhi ya Impreza za turbo za miaka ya mwanzo ya 2000 zina masega madogo kabla ya turbo. Hayo yakivunjika, vipande vyake huingia kwenye turbo na kuiharibu. Hapo fundi makini ana haki ya kuwa na wasiwasi. Lakini kuyaondoa hayo hakukupi ruhusa ya kuyatupa na yale makubwa yaliyo mbele yake.

La nne, magari haya yana sensa za oksijeni kwenye ekzosi. Ile iliyo nyuma ya masega inachunguza kama yanafanya kazi. Ukiyatoboa, taa ya injini inaweza kuwaka na kubaki imewaka, na siku tatizo jingine la kweli likija hutajua.

Sibezi suala la bei. Najua mshahara wa kijana wa Mbeya na najua bei ya spea. Lakini moshi wa bomba tupu haupotei hewani. Unabaki pale stendi, usawa wa pua ya mama anayeuza ndizi na mtoto aliyembeba mgongoni.

Houdry alipenda kasi, akaipata, kisha akageuka nyuma kutazama kinachotoka kwenye bomba. Miaka yake ya mwisho aliitumia kwenye moshi ambao hakuna aliyemlazimisha kuushughulikia, na hakuishi kuona matunda yake. Sisi tumeyapata yakiwa tayari yamefungwa chini ya gari. Kabla grainda haijawashwa, muulize fundi wako maswali hayo manne.